Neno Lifike Mwisho wa Kamba

Watu wa kwetu wakisikia kijana kama mimi anasema amestaafu, hucheka mpaka wakashika mbavu. Kustaafu ni kwa makarani wa boma, wenye mvi na kiti cha kuegemea. Mimi mvi sina, kiti sina, na meno ya mbele, kama mtakavyosoma, nayo sina. Lakini kazi nimeiacha kweli. Mwaka huu nilirudi nyumbani Mahege baada ya miezi mingi ya kambi, mwanangu akanitazama, akaenda kujificha nyuma ya mama yake na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Huyu nani?" Mke wangu alinipakulia wali, akanisogezea maji ya kunawa. Kesho yake nikapeleka salamu kambini kwamba sirudi tena mikokoni, nabaki na jembe na mpunga.

Sasa nawaandikia nyie mliobaki, hasa wewe unayepanda juu ya rundo la boriti kuwaimbisha wenzako. Shule nilisoma kidogo tu, na mkono wangu hauna haraka. Mkikuta neno limelala njiani, liinueni muendelee.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni boriti. Wakataji huingia mikokoni na mitumbwi maji yakijaa, hukata mikandaa na misinzi, ambayo ni aina za mikoko, hurudi na miti ile mibichi yenye uzito wa kukasirisha. Mti wa mkoko ukiutupa majini hauelei kama mti mwenye adabu, unazama. Kwa hiyo kila kitu hupandishwa kwa mabega. Kando ya kijito tunafunga boriti mafungu, tunapitisha kamba, wanaume wanajipanga kwenye mteremko wa tope, na fungu linakokotwa mpaka uwanjani juu. Hapo mtu wa Bwana Misitu huzigonga nyundo yenye alama ya Serikali. Bila alama ile boriti ni ya wizi, hata kama uliikata mbele ya macho yake.

Mimi nilikwenda kuvuta kamba kama wengine. Siku yangu ya kwanza nilivaa shati safi, jambo ambalo nawakataza. Mwimbishaji wakati ule alikuwa mnyapara wetu mwenyewe, Mzee Shamte, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. Kila alipotoa ubeti mimi niliitikia kwa furaha kuliko kawaida, maana tangu utotoni nimependa kuimba kuliko kula. Jioni aliniita.

"Wewe wa Mahege. Unavuta au unaimba?"

"Vyote, mzee."

"Kuvuta sijakuona. Kesho panda juu ya rundo."

Basi nikapanda. Yeye ndiye aliyenifundisha, na mengi ya hapa ni yake. Wavutaji wanapanda mteremko wakiwa wameligeuzia fungu mgongo. Hawalioni. Wewe uliye juu ya rundo ndiwe unayeliona, kwa hiyo wewe ni macho ya watu waliogeuka. Ukiimba, "Kwa jirani leo wamepika nini?" wao hujibu, "Pilau!" na kwenye mwisho wa neno lile mabega yote yanakwenda pamoja. Ukiona kisiki kimejitokeza kushoto, huna nafasi ya kusema, "Jamani, kuna kisiki." Unaimba, "Bibi harusi kalalia ubavu gani?" nao wakijibu, "Kulia!" fungu linahamia kulia. Wageni husimama wakacheka na nyimbo zetu za harusi. Hawajui kwamba ndani yake mtu anaokolewa mguu.

"Sauti nzuri peleka ngomani," Mzee Shamte alikuwa akiniambia. "Hapa nataka neno. Neno lifike kwa mtu wa mwisho wa kamba, maana yule ndiye jirani wa fungu."

Mtu wa mwisho wa kamba alikuwa rafiki yangu Mbwana, mtoto wa visiwani, mvuvi aliyechoka na samaki. Pale mwisho hawawekwi wazembe. Mtu wa pale anavuta, na huku anaongoza pua ya fungu kwa mguu na kwa upondo. Neno likimfikia limekatika, kwanza ataumia yeye. Mbwana alikuwa na desturi ya kunitukana kila asubuhi kabla ya kazi, ati ili koo langu lichemke.

Niliimba hivyo misimu kadhaa, nikawa na ndoto zangu. Nilikuwa nawaza siku moja Mzungu wa santuri atapita kijitoni, asikie, anichukue Dar es Salaam, sauti yangu iingizwe kwenye sahani. Hakupita. Aliyepita ni boriti. Siku hiyo nilikuwa nashuka kutoka juu ya rundo, nikakanyaga ncha moja, na ncha ya pili ikainuka kama mtu aliyeamshwa vibaya, ikanipiga mdomoni. Meno ya mbele yakaenda, ya juu na ya chini. Dresa wa Kibiti aliniosha kwa dawa inayowaka, akanipongeza kwamba pua imebaki.

Nilikaa kwa mama yangu nikinywa uji mpaka kidonda kikafunga. Kisha nikarudi, nikapanda, nikafungua mdomo. Ulitoka upepo mtupu. Sauti ilikuwepo, tena kubwa, lakini maneno yalikuwa yamevunda pembeni kama ndizi. Waliokuwa karibu walinikisia, wakavuta. Waliokuwa kati waliwatazama wa mbele, wakavuta wamechelewa. Mbwana kule mwisho hakupata kitu. Kamba ikamshtua, akaanguka, na fungu likayumba likapita pale ulipokuwa mguu wake kitambo kidogo tu kabla.

Mzee Shamte akasimamisha kazi. Alinipeleka pembeni, akakwangua tope kwenye kanda za viatu vyake.

"Nakupenda kama mwanangu," alisema. "Na Mbwana naye nampenda kama mwanangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Nakungoja mpaka bamvua la mwezi wa Maulidi, maana majahazi ya kupakia yatakuja na maji makubwa yale. Nimempelekea habari mtu mmoja wa Kilwa, Bakari, mwimbishaji wa huko. Ukiwa tayari kabla yake, rundo lako. Usipokuwa tayari, lake. Nenda katafute mtu akufundishe kusema."

Hapo ndipo nilipokuwa mwanafunzi tena, mtu mzima mwenye ndevu, natafuta darasa la kutamka maneno ndani ya wimbo. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Mtu aliyewahi kuimba akishushwa kuvuta kamba, kila ubeti wa mwenzake unamchoma. Na mimi nje ya rundo lile sikujua mimi ni nani.

Kwanza nilikwenda Kibiti barabarani. Palikuwa na kisomo cha watu wazima jioni, na mwalimu wake, kijana mstaarabu mwenye soksi, alikuwa akitayarisha kwaya ya kumpokea Bwana Shauri wa boma. Nilisikia kwamba anawafundisha watu kufungua midomo ili kila neno lisikike. Kweli alikuwa akifundisha. Kila mwanafunzi alipewa kijiti akibane kwa meno ya mbele, aimbe hivyo hivyo. Alipofika kwangu na kijiti, nikamfungulia mdomo. Alitazama, akakitazama kijiti, akaniambia kwa huruma kwamba darasa limeshajaa.

Nikavuka mto kwenda Mohoro, kwa Maalim Omari, ambaye utotoni nilisoma kwake nikakimbia kabla ya kuhitimu. Nilimkuta barazani na watoto wake, wanajitayarisha kwa kasida za Maulidi. Nilivua viatu, nikambusu mkono. Alinitambua mara moja, jambo ambalo sikulipenda.

"Ubao wako uko wapi?"

"Uliliwa na mchwa, maalim."

"Basi wale mchwa wamesoma kuliko wewe. Keti."

Nikaketi mkekani katikati ya watoto, magoti yangu yakiwa juu ya vichwa vyao. Walicheka siku nzima. Maalim hakucheka. Alinishika kidevu, akanigeuzia mdomo kwenye mwanga kama mtu anayetazama kisima, akanieleza mahraji, yaani kila herufi na nyumba yake ndani ya kinywa. Nyingine zinakaa kooni, nyingine kwenye midomo, na zile zilizokuwa zikiegemea meno alizihamisha zikaegemee ufizi. "Meno yamekwenda," alisema, "ukuta upo." Nilirudia herufi zile mpaka ulimi ukaota sugu. Usiku nilizisema ndotoni, na mwenyeji wangu akanihamishia kwenye kibanda cha mbuzi, ambao ni wasikivu.

Na maneno yakaanza kurudi. Baada ya majuma kadhaa niliweza kuimba kasida nzima pamoja na watoto, kila herufi imesimama mahali pake. Maalim alinifundisha na kuvuta, pale sauti inaporefushwa mwisho wa mstari na kuteremka taratibu kama shuka inayotandikwa. Nilipenda jambo lile kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Wauza vitumbua walisimama njiani kunisikiliza, mmoja akafuta macho kwa ncha ya kanga. Mzungu wa santuri alianza kurudi katika mawazo yangu, safari hii na motokaa.

Nikaenda kambini kujionyesha, mwezi wa Maulidi ukiwa bado haujaandama. Bahati mbaya Bwana Misitu mwenyewe alikuwepo siku ile, amesimama chini ukingoni na soksi zake nyeupe, anatazama mafungu. Nikapanda juu ya rundo. Wenzangu wakajipanga, fungu likaanza kupanda, nikaimba kama nilivyofundishwa. Kila neno lilisikika. Nawaapieni, hata kasa baharini walisikia. Fungu lilipofika katikati ya mteremko nikamalizia mstari kwa kuuvuta, nikaurefusha, nikaushusha taratibu.

Nyie mnawajua watu wetu. Hakuna hata mmoja ambaye hakukaa matangani na maulidini tangu anabebwa mgongoni. Wakisikia sauti imevutwa vile ikashuka vile, koo zao hazingoji ruhusa. Wote wakaitikia, "Aamin," wakafungua viganja, wakajipangusa nyuso.

Wanaume wote wakifungua viganja kwa pamoja, kamba haina mwenyewe. Fungu lilirudi chini kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kamba ikamnasa Mbwana mguu, ikamburuta kwenye tope mpaka maji ya kiunoni, fungu likatumbukia kijitoni, na soksi za Bwana Misitu hazikuwa nyeupe tena. Kisha kichwa cha Mbwana kikatokea, cheusi kizima isipokuwa macho, kikaniita.

"Sheikh, umemaliza? Au bado tunazikwa?"

Wakacheka mpaka wakaketi. Bwana Misitu naye alicheka, nadhani bila kujua sababu. Mzee Shamte alicheka machozi yakamtoka, lakini alipoyafuta alikuwa hacheki tena. Alikwenda kumtazama Mbwana mguu. Kamba ilikuwa imemchuna ngozi kuuzunguka mguu wote, kama pingu.

"Mwezi haujaandama," aliniambia tu. "Una siku zako chache."

Niliwapita wenzangu bila kuwatazama. Sikurudi Mohoro, niliona aibu kumwambia maalim kwamba elimu yake imetumbukia majini. Nilikwenda Mtunda kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahawa, si kusoma bali kujificha na kula. Alikuwa uani na jirani yake wanatwanga mpunga. Bibi hana jino hata moja, juu wala chini, tangu mimi sijazaliwa. Aliniona mlangoni, akasimamisha mchi.

"Mume wangu huyo. Umekuja kuoa, au umekuja kula?"

Nikafungua mdomo kumwamkia, akaona.

"Aa. Kumbe umekuja kulingana na mkeo."

Jirani akaangua kicheko, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu kule kijitoni, nikacheka pia. Nikaketi kwenye kinu kilicholazwa, nikawasikiliza wakiendelea. Walikuwa wakiimba. Bibi anatoa ubeti mchi wake ukishuka, jirani anaitikia mchi wake ukishuka, kwa kupokezana, kinu kimoja. Mtu alikuwa akipita njia ya mbali, ng'ambo ya shamba la mihogo, na bibi alikuwa akimwimba kwa jina, ati kanyoa kipara, na mtu yule alisimama akapiga kelele kukana. Alikuwa amesikia kila neno. Kutoka kwa mwanamke asiye na jino. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiisikia sauti ile na sikuwahi kuisikiliza, kwa sababu ilikuwa ya bibi.

Nikamwomba anifundishe.

"Mimi kufundisha kuimba sijui," alisema. "Najua kutwanga. Shika mchi."

Wanaume wa Mtunda hawatwangi mbele ya watu. Jirani alikwenda kuwaita wenzake, wakaja wamejipanga kwenye ua, na sitawaandikia yote waliyosema. Mmoja aliniuliza kama mke wangu ana habari kwamba ameolewa na shoga yake. Nilishika mchi. Bibi akatoa ubeti, nikaitikia kwa ile sauti ya Mohoro, na kabla sijamaliza, michi ikagongana katikati ya kinu, mpunga ukaruka, mkono ukanifa ganzi mpaka begani.

"Ulikuwa wapi?" bibi akauliza.

"Nilikuwa bado kwenye neno, bibi."

"Na mchi ulikuwa wapi?"

"Chini."

"Sasa neno linafanya nini juu peke yake? Lishuke na mchi. Likifika limefika, fumba mdomo, mwenzio apite."

Hilo ndilo darasa langu lote. Kutwa nilitwanga. Kila nilipolivuta neno, michi iligongana, na viganja vikanieleza kosa kabla masikio hayajaligundua. Ulimi uliegemea ufizi kama maalim alivyouweka. Mchi ulinionyesha pa kulikata. Jioni bibi alinikanda mikono kwa mafuta ya nazi akiniimbia maneno ya kunikejeli, na katika kukejeliwa kule nililala kama mtoto. Mpunga wa majirani wote ulikobolewa juma lile. Hakuna aliyelalamika.

Nilipokuwa narudi nilipitia Mohoro baada ya yote, nikamweleza maalim habari za kamba. Alinisikiliza amefumba macho, mabega yake yakitikisika.

"Mimi nilikufundisha kuwafanya watu waache walichokishika," alisema mwishowe. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Ya kuwafanya washike sikuwa nayo." Akanisomea dua, na nikafungua viganja mahali panapostahili.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kusomea uimbishaji, nakupa hili. Usimchague mwalimu kwa uzuri wa sauti yake, wala kwa uzuri wa sauti yako ukiwa kwake. Watazame wanaomwitikia, mikono yao inafanya nini. Kama ni ile mikono unayoitaka kazini, keti. Kama siyo, msalimie kwa heshima, unywe kahawa yake, uendelee mbele. Na kama anayefaa ni bibi yako, shika mchi, waache wacheke.

Bamvua la mwezi wa Maulidi lilifika. Nilipofika kambini maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya juu, mafungu yamefungwa tayari, na Bakari wa Kilwa alikuwepo, ameketi kwenye gogo karibu na Mzee Shamte. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alinisalimia vizuri. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ametoka mbali, na nilijionea huruma zaidi.

"Panda," Mzee Shamte aliniambia. "Fungu moja."

Mbwana alikuwa pale pale mwisho, kitambaa kimefungwa mguuni. Hakunitukana asubuhi ile. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Nikaimba. Kwa jirani wamepika nini. Pilau. Nililishusha neno, nikafumba mdomo, na mabega yakaenda. Wakatoa sahani gani. Ya kaure. Mabega yakaenda. Fungu lilikuwa zito, la boriti nene za mkandaa, na tope lilikuwa jipya. Lilipofika katikati ya mteremko nikaona pua yake inaanza kuinamia kushoto, kwenye shimo ambalo maji yalikuwa yamelichimba, na Mbwana mguu wake mbovu uko upande ule ule. Sikuwa na ubeti wa shimo. Nikatunga.

"Mbwana mwenye kilema kamkimbia nani?"

Ubeti ule walikuwa hawajawahi kuusikia. Kisha kutoka mwisho wa kamba, sauti ya Mbwana peke yake, "Mkewe!" na alikuwa amekwisha kuelewa kwamba aukimbie upande wa kilema chake, ameruka kulia, upondo umeingia chini ya pua ya fungu, na wote wakavuta. Fungu likapita ukingoni mwa shimo, likapanda, likaingia uwanjani, likatulia.

Mzee Shamte hakunitazama. Alishuka mteremko mzima kwa miguu yake ya kizee mpaka alipokuwa Mbwana.

"Umemsikia?"

"Kila neno. Mke wangu naye atasikia, ndiyo taabu."

Mzee Shamte akatikisa kichwa, akapanda tena taratibu mpaka kwa Bakari, akasimama mbele yake.

"Ndugu yangu, umetoka mbali, sikurudishi mikono mitupu. Kazi ipo. Lakini shati hilo lisichafuke bure, livue."

Bakari alinitazama pale juu ya rundo. Alivua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gogo. Hakwenda mbele ya kamba, wala kati. Alishuka mpaka chini kabisa, akasimama nyuma ya Mbwana, karibu na fungu lililofuata kuliko mtu yeyote, akapitisha kamba begani. Kisha akaligeuzia fungu mgongo, akaniinulia uso, akangoja neno.